Kila nikirudi Kongo malaria inanilaza. Ni malaria sugu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa semitrela, nina miaka 41, nyumbani ni Makambako. Napakia Dar, nashusha Lubumbashi au Likasi, narudi na shaba. Tangu mwaka jana nimeugua malaria mara tatu, na zote nikiwa narudi: mara moja Mbeya, mara mbili nimeshafika nyumbani. Kila nikiugua nachomwa sindano duka la dawa, kesho yake niko fiti, nakamata usukani. Ya mwisho ilirudi hata wiki tatu hazijaisha. Wenzangu wanasema hiyo ni malaria sugu ya Kongo. Utingo wangu tunalala wote kwenye gari lakini yeye haugui kabisa. Je, kuna dawa ya kinga ninayoweza kumeza kila safari? Na watoto nyumbani naweza kuwaambukiza?

JIBU: Kaka, pole sana. Nikisoma barua yako naona matatizo mawili ambayo wenzako wameyapa jina moja. La kwanza ni mbu wanaokuuma njiani. La pili ni kutibiwa nusunusu. Ile malaria iliyorudi kabla ya wiki tatu, kwa maelezo yako, yaelekea ni ileile ya kwanza ambayo haikumalizwa. Hizo nyingine zinaonekana ni maambukizi mapya. Nitaanza na matibabu, kwa sababu hapo ndipo unapojiweka kwenye hatari zaidi.

Sindano ya malaria inayotumika siku hizi ni artesuneti. Imewekwa kwa ajili ya malaria kali, yaani mgonjwa aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu, anayetapika kila anachomeza, mwenye degedege, anayepumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi, au aliyeishiwa nguvu kiasi cha kushindwa kukaa. Huyo huchomwa mara anapofika, baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Akishaweza kumeza, anapewa dozi kamili ya mseto, yaani vidonge vyenye dawa mbili kwa pamoja, ya siku tatu. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachoachwa barabarani. Unachomwa sindano tatu, pengine mbili kwa kuwa gari linatakiwa Tunduma, unaamka mwepesi, unalipa, unaondoka. Mseto hakuna aliyekupa, na wewe hukuuliza kwa sababu homa imekata.

Artesuneti inaua vimelea kwa kasi kubwa mno, ila haikai mwilini. Baada ya saa chache imeshatoka. Vimelea vichache vilivyosalia huzaliana upya kila baada ya saa kama 48, na ikifika wiki ya pili au ya tatu wamekuwa wengi wa kutosha kukutetemesha tena. Kazi ya kufagia mabaki inafanywa na dawa ya pili iliyomo ndani ya mseto, lumefantrini, ambayo hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa. Kutegemea sindano peke yake ni kama kushuka Kitonga na mzigo kwa breki ya mguu tu: mwanzoni gari linatii, na unaona kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo ukiwa na homa lakini unatembea mwenyewe, unakunywa chai na haitoki, hiyo ni malaria ya kawaida na dawa yake ni vidonge. Duka la dawa linalokimbilia sindano kwa mgonjwa wa namna hiyo linakuuzia kitu cha bei kubwa usichokihitaji. Na siku ukiwa nacho kweli kile kinachohitaji sindano, mahali pako ni hospitali yenye kitanda, siyo benchi la duka.

Sasa vidonge vyenyewe. Mseto unaoujua, ALu (artemetha na lumefantrini), ndio dawa ya kwanza Tanzania tangu 2006 ulipochukua nafasi ya SP, dawa ya malaria ya zamani. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku tatu: vinne mara moja, vinne vingine baada ya saa 8, vinne tena zikitimia saa 24 tangu dozi ya kwanza, kisha vinne kila baada ya saa 12 hadi vyote viishe. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika kwa madereva, maana mara nyingi inaangukia usiku wa manane au katikati ya foleni ya mzani. Weka alamu kwenye simu. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia vile vinne.

Halafu kuna jambo ambalo huambiwi kwenye dirisha la dawa. Lumefantrini inahitaji mafuta ili iingie kwenye damu. Dereva mwenye homa hana hamu ya kula, kwa hiyo anameza vidonge na chai ya rangi au maji matupu, na sehemu kubwa ya dawa inapita tumboni bila kufyonzwa. Amemaliza vidonge 24, hajadanganya mtu, na bado amepata dozi pungufu. Huhitaji kushindilia chipsi. Kikombe cha maziwa, chapati, karanga kiganjani, yai, au mboga iliyoungwa kwa mafuta vinatosha, kila mara unapomeza. Kama uko kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au unatumia dawa za VVU za zamani zenye efavirenzi, mwambie anayekutibu, kwa sababu hizo hupunguza nguvu ya mseto. Hakuna aibu hapo. Daktari asipojua atakupa dawa sahihi kwa hesabu isiyo sahihi.

Na usukani? Ukiwa na homa usiendeshe. Malaria huleta usingizi mzito, kizunguzungu, na ikichachamaa hushusha sukari ya damu na kuchanganya akili, wakati mwenyewe unaona unaimudu barabara. ALu nayo huweza kuleta kizunguzungu na ulegevu. Najua bosi anapiga simu. Mwambie gari limelala kwa homa, na ulale mpaka homa iwe imekata siku nzima bila panado. Panado, diklofenaki na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo vinavyomfikisha mtu Mlima Iwambi akiwa na joto la 39 bila kujijua.

Kuhusu malaria sugu. Vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa za kundi la artemisini (artesuneti na artemetha ya ALu zimo) vimeshapatikana Rwanda, Uganda na kwetu mkoani Kagera. Jambo hilo linafuatiliwa na wataalamu, na lina uzito. Lakini ALu bado inaponya wagonjwa walio wengi sana ikimezwa inavyotakiwa, na hadithi yako ina maelezo mepesi zaidi ya usugu. Siwezi kumlaumu mdudu kwa dawa ambayo hakuwahi kukutana nayo.

Kuna mtego mwingine hapa. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoiacha. Protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Ukipima siku ya 15 baada ya matibabu kwa sababu una mafua na mgongo unauma, mistari miwili yaweza kutokea, utaambiwa malaria imerudi, utachomwa tena. Kwa hiyo homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja, taja siku uliyotibiwa na udai kipimo cha darubini. Darubini inaonyesha kama kuna vimelea hai na inahesabu wingi wao. Vikionekana na ulimeza mseto kamili ulivyopaswa, anayekutibu ana mseto mwingine wenye piperakwini wa kukuanzishia. Kama ulipata sindano tu, mwambie hivyo hivyo.

Tuje barabarani. Toka mbu akuume hadi homa ianze hupita kwa kawaida siku 7 hadi 15, wakati mwingine hata mwezi. Dar hadi Lubumbashi ni kama kilomita 2,000. Ukichanganya foleni za mipakani, Tunduma na Kasumbalesa, kuugua na kuumwa na mbu karibu kamwe havitokei mahali pamoja. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Ukiugua Mbeya au Makambako ukiwa unarudi, rudisha kidole kwenye kalenda siku 7 hadi 15 na utakuta ulikuwa unasubiri Kasumbalesa, au umeegeshwa kwenye yadi ya kupakia Likasi. Ila ukija kuugua Kasumbalesa wakati wa kwenda, usiilaumu Kongo: hao ni mbu wa yadi ya Dar ulipokuwa unasubiri mzigo, au wa Mikumi na Ruaha Mbuyuni ulikolala. Siku ukienda kupima, anza kwa kutaja ulikolala wiki mbili zilizopita. Makambako ni baridi na malaria ni chache. Mhudumu asiyejua umetoka Katanga, upande wa Lubumbashi na Likasi, anaweza kuanza na taifodi.

Kongo yenyewe si ya kusingiziwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za 2023, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila kumi wa malaria duniani alikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya pili baada ya Nigeria. Mvua za Katanga na Zambia ni Novemba hadi Aprili, na hapo ndipo yadi zinapogeuka mazalia. Mbu wa malaria anapenda kidimbwi kidogo chenye jua, na hakuna kinachotengeneza vidimbwi hivyo vizuri kuliko matairi ya malori kwenye udongo. Angalia siku ya tatu baada ya mvua kwenye maegesho yoyote ya udongo: kila alama ya tairi ina maji, na ukiinama utaona viluwiluwi vimelala sambamba na uso wa maji. Wiki moja au mbili wameruka. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, egesha mbali na upande huo.

Wanauma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, na kilele chao ni usiku wa manane, yaani ule muda ambao umezima injini kuokoa dizeli, kiyoyozi kimelala, joto limejaa kwenye kabini na umeteremsha vioo vyote viwili. Hapa ndipo ninapoona ajabu: kampuni inayojua lita ngapi zimeungua kati ya Chalinze na Morogoro haijawahi kuuliza dereva wake analala chini ya nini.

Chandarua cha kawaida cha pembe nne hakikai vizuri kwenye kabini, ndiyo maana madereva wengi hukikunja wakakitia chini ya kitanda. Chukua chandarua chenye dawa, mpe fundi cherehani akate vipande viwili vya kufunika milango. Kila kipande kivikwe juu ya fremu ya mlango ukiwa wazi kama soksi, kisha ufunge mlango na kioo kibaki chini. Hewa inapita, mbu hapiti. Wengine wanakishika kwa sumaku ndogo pembeni. Kabla ya kulala, piga dawa ya kupuliza, funga robo saa ukiwa nje, fungua, halafu ivike milango vyandarua vyake. Muda ule unaokaa nje ukipika au ukisubiri karatasi, vaa suruali ndefu na soksi, na ujipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Jipake tena baada ya saa chache, maana jasho linaiondoa. Ile ya kuchoma yenye moshi usiiwashe kabini umefunga vioo, utavuta moshi usiku kucha. Kwenye tenki la mafuta isitajwe kabisa.

Beba pia dozi moja kamili ya mseto uliyonunua duka la kuaminika Tanzania, ukiwa na tarehe unayoisoma mwenyewe. Si ya kumeza kila ukihisi uchovu. Ni ya ile siku umekwama, una homa, na kituo chenye kipimo huwezi kukifikia ndani ya saa 24. Anza dozi, kisha tafuta kituo. Na usiiweke kwenye droo ya dashibodi. Dawa hii inatakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inapita hapo asubuhi na mapema. Iweke katikati ya nguo, chini ya kitanda.

Nisiache hili: si kila homa ya safari ni malaria. Kama kipimo ni hasi, usimlazimishe mtu akuandikie mseto. Dar ilishapigwa na dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake wanauma mchana. Ukiwa na maumivu makali nyuma ya macho na kwenye viungo, kipimo cha malaria kikiwa hasi, kaa mbali na diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Maambukizi mapya ya VVU nayo hujitokeza kwa homa, koo na tezi wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, na hufanana na malaria kiasi cha kudanganya. Wewe unajua maisha ya maegesho. Kama kuna sababu ya kupima, pima, na urudie baadaye kama ulivyoelekezwa.

Umeuliza dawa ya kinga. Ipo. Doksisaiklini miligramu 100 kila siku, unaanza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la hatari na unaendelea wiki nne baada ya kutoka. Hizo wiki nne ndizo zinazowashinda watu, na kwa dereva anayegeuza kila mwezi maana yake ni kumeza mwaka mzima. Imeze umekaa wima, na maji mengi, maana ikikwama kooni inachoma. Usiinywe na maziwa wala dawa ya kiungulia. (Ndiyo, mseto unataka maziwa na hii haitaki, usizichanganye.) Tena inaifanya ngozi iungue na jua haraka, na mkono wako wa kulia unashinda dirishani, kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu. Kuna nyingine ya atovakwoni na progwanili ambayo unaendelea nayo siku saba tu baada ya kutoka. Ni nzuri, ila bei yake itakukata. Meflokwini, ile ya mara moja kwa wiki, siwezi kumpa mtu anayeshika usukani: inaleta kizunguzungu na kuvuruga usingizi na akili.

Ushauri wangu kwako: vyandarua vya milango kwanza, mwaka mzima. Doksisaiklini uijadili na daktari anayekufahamu kwa ajili ya miezi ya mvua tu, kwa sababu wewe ni mtu wa Makambako. Na hapo ndipo jibu la utingo wako lilipo. Sijui kwao ni wapi, lakini ukimwuliza sitashangaa akisema Tabora, Kigoma au Geita. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria Tabora walipita asilimia 20, wakati Kilimanjaro na Arusha hawakufika asilimia 1. Aliyekulia kwenye malaria nyingi hujenga kinga ya sehemu: anaweza kubeba vimelea bila kuhisi kitu. Aliyekulia kwenye baridi hana kinga hiyo, na hata aliyenayo huipoteza taratibu akihama. Kwa hiyo mbu mmoja anaweza kuwauma wote wawili, wewe ukalala kitandani, yeye akabadilisha tairi. Hajakingwa na dawa za kienyeji wala damu chungu. Siku akiugua naye atibiwe kama wewe. Akilala juu ya mzigo au chini ya tela, mpe chandarua chake, maana vya milango havimsaidii.

Watoto hawawezi kuipata kwako kwa kulala pamoja, kula sahani moja au kwa jasho. Ni lazima mbu wa aina ile akuume wewe, vimelea vikomae ndani yake, ndipo amuume mtoto. Ukomaaji huo huchukua siku kumi au zaidi kwenye joto, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 16 hivi husimama kabisa. Kwa Makambako uwezekano ni mdogo, ila si sifuri miezi ya joto, kwa hiyo ukirudi na homa lala chini ya chandarua hata nyumbani mpaka umalize dozi. Hatari kubwa kwao ni siku unapowachukua likizo kuja nao Dar au kuwapandisha gari: hao hawana kinga kabisa, na homa yao baada ya safari isisubiri kesho.

Kwa sasa nenda kapime darubini hata kama unajisikia vizuri, upimwe na wingi wa damu, kwa kuwa malaria zilizofuatana hivyo huishusha. Ukiona mkojo mweusi au weupe wa viganja ndani ya wiki nne tangu hizo sindano za mwisho, nenda hospitali siku hiyohiyo: artesuneti huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa kuchelewa. Na kama darubini itaonyesha vimelea, mwambie mhudumu mara ya mwisho ulipata sindano bila mseto, umeze vidonge vyote 24, na maziwa.